Kiti Mbele ya Ukuta Mtupu

Siku ya kwanza ya kujifunza usanifu wa michoro, Kitinda alipewa karatasi nyeupe na kiduara cheusi cha karatasi ngumu, ukubwa wa kizibo cha soda, akaambiwa acheze navyo mpaka mchana. Acheze! Mwanamke mzima, aliyekaa mapokezi ya ofisi kubwa miaka nenda rudi akiunganisha simu za wakurugenzi, mwenye miwani ya kusomea na goti linalolalamika kila akipanda ngazi. Na aliyemwambia hivyo ni binti ambaye Kitinda angeweza kumzaa, amekaa juu ya meza, anamenya karanga.

Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ofisi ile kubwa ilikuwa imefungwa, wakurugenzi na simu zao wametawanyika, na Kitinda alikuwa amerudi kuishi kwa mama yake akitafuta kazi ya mikono ya kuanzia upya. Jina lenyewe la Kitinda lilimganda tangu utoto, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na watoto wa mwisho hawakui hata wakiota mvi.

Yule binti aliitwa Bi Nafasi. Duka la uchapaji lilikuwa lake: chini mashine ya kuchapa na ile ya kukatia karatasi, juu chumba kimoja chenye kompyuta, dirisha na harufu ya wino. Jina alipewa na wateja, na hawakumpa kwa mapenzi. Mtu akija na kadi ya harusi anataka maua, njiwa, pete, picha ya bwana, picha ya bibi, majina ya wajomba wote na shairi la shangazi, maana karatasi kailipia nzima kwa nini ibaki wazi? Bi Nafasi anamsikiliza mpaka amalize, kisha anamwambia, "Acha nafasi." Wengine waliondoka wamenuna na kadi zao wakapeleka kwingine.

Basi Kitinda akacheza. Akakiweka kiduara katikati ya karatasi, kikatulia. Akakisukuma kona ya juu, na hapo akashtuka. Kile kiduara kilikuwa kinataka kutoka! Akakishusha chini kabisa, kikawa kizito, kimechoka, hakiinuki tena. Akakisogeza pembeni kidogo tu, karatasi yote ikaanza kuvuta upande mmoja kana kwamba meza imeinama. Aliinua mkono akautazama. Hakuwa amefanya lolote la maana, kipande cha karatasi juu ya karatasi, na moyo ulikuwa unamwenda mbio.

"Nani anakisukuma?" aliuliza.

"Ile nyeupe," Bi Nafasi akajibu. "Hiyo unayodhani ni tupu. Yenyewe ndiyo inafanya kazi, dada. Kile cheusi kimekaa tu."

Kitinda alirudi nyumbani jioni hiyo akitazama mabango yote ya barabarani kama mtu aliyefunguliwa masikio kwenye nchi ya wageni. Alijiona mjinga na alijiona tajiri. Ningependa kukuambia kwamba aliendelea hivyo, akisoma kwa raha zake, lakini nyumbani kulikuwa na jambo lililokuwa linamla moyo.

Mama yake aliishi katika nyumba aliyoingia akiwa bibi arusi, na alikuwa ameapa kutoka humo kwa njia moja tu. Daktari wa macho alikwisha sema kwamba katikati ya macho pameharibika, miwani haitasaidia, kilichobaki kitunzwe. Mama alisikiliza yote hayo kwa adabu, akatoka nje, akatangaza kwamba haoni tatizo. Wahenga walisema macho hayana pazia. Mama huyu alikuwa nalo, tena zito, ila hakutaka mtu ajue. Alipapasa kuta akisema anapima vumbi. Alikataa chai ya wageni akisema tumbo limejaa, kumbe anaogopa kumwaga.

Halafu akaja Kaka Mkubwa. Huyu ni mtoto wa kwanza wa mama, anaishi mji wa mbali, ana cheo na nyumba ya ghorofa, na kwa upole wake wote ni mtu ambaye akishaamua ameamua. Alifika bila taarifa, kwa mapenzi tu, akamwonyesha Kitinda kidole mdomoni anyamaze, akaenda kukaa kwenye kiti cha dirishani, anacheka kimoyomoyo. Alikuwa anamfanyia mama mchezo wake wa utotoni. Mama akatoka jikoni akifuta mikono, akasimama mbele yake, akasema, "Afadhali umekuja, baba. Mtungi umeuacha nje? Uingize basi, gesi imetuishia tangu jana."

Kaka Mkubwa aliendelea kutabasamu mpaka tabasamu likamkauka usoni. Alipoita "Mama," yule mama alishtuka, akapiga makofi, akasema, "Aa, nilikuwa nakutania!" Ulikuwa uongo ambao hata mtoto mchanga asingeumeza. Kisha, ili kuonyesha hana neno, akajitia kumimina chai mwenyewe. Kikombe kilikuwa cheupe, juu ya kitambaa cheupe, na chai yote ikaishia kwenye suruali ya mwanawe.

"Macho ni macho," Kaka Mkubwa alimwambia Kitinda nje, karibu na gari. Machozi yalimlenga, na cheo chake chote. "Lakini mimi nimekaa mbele ya mama yangu mzazi, nacheka naye, ananiuliza mtungi uko wapi. Hayo si macho, mdogo wangu. Hiyo ni akili inaondoka. Likizo yangu ikianza nakuja kumchukua. Chumba cha juu kipo, msichana wa kumwangalia yupo, mlango utafungwa asije akatoka akapotea."

Mama aliposikia hilo la mlango hakubishana. Alikaa ukingoni mwa kitanda chake, akasema polepole, "Humu ndani mimi ni mtu, Kitinda. Kule nitakuwa begi. Watanitoa hapa, watanipeleka pale, watanifunga zipu." Mama hakuwahi kumwomba kitu maisha yake yote, na hata siku hiyo hakuomba.

Katika hali hiyo ndipo Kitinda alipotengeneza bango lake la kwanza, la kinyozi wa mtaa wa pili. Alilipamba. Mikasi mitatu, mashine, sura za wanaume wanaocheka, nyota, herufi za kivuli, rangi zote za mwenyezi Mungu. Aliliona zuri mno. Bi Nafasi akalibandika ukutani, akamsogeza Kitinda mpaka mlangoni.

"Finya macho," akasema. "Finya kabisa, ubakize ufa tu. Unaona nini?"

Kitinda akafinya. Lile bango lilikuwa limegeuka uji.

"Sioni kitu."

"Basi na mtu wa barabarani hataona kitu. Sasa tazama hili." Akabandika bango lake mwenyewe la zamani, kichwa kimoja cheusi kilichonyolewa upande, uwanja mweupe, neno moja. Kitinda akafinya macho, na kichwa kile kilisimama pale pale, hakikutetereka. "Kila ukitengeneza kitu, finya macho. Kinachobaki ndicho ulichosema. Kisichobaki hukukisema, hata kama umekiandika."

Jioni hiyo Kitinda aliingia jikoni kwa mama yake kuchukua maji. Meza ina kitambaa cheupe, vikombe vyeupe, sufuria zimelala mbele ya ukuta wa rangi ya sufuria. Sijui nini kilimtuma. Labda goti, maana alikuwa amesimama kulipumzisha. Alifinya macho, akabakiza ufa.

Vikombe vikapotea. Vyote, kana kwamba mtu kavifagia. Sukari na chumvi, makopo mawili ya aina moja, yakawa kopo moja nene. Jiko likaungana na ukuta. Palipokuwa na kitasa cha mlango hapakuwa na kitu. Kitu kimoja tu kilisimama imara katika uji ule wote, nacho ni taulo jekundu la kufutia vyombo. Na Kitinda akakumbuka kwamba mama, akiingia jikoni, mkono wake wa kwanza huenda kwenye taulo lile, kila siku, na kutoka hapo ndipo huhesabu kwa vidole mpaka kwenye jiko.

Alikwenda sebuleni akikimbia, goti na kulalamika kwake. Dirisha kubwa lilikuwa linawaka jua la jioni. Akakiangalia kile kiti alichokalia Kaka Mkubwa, akafinya macho. Mtu yeyote angekaa pale, mtoto wake, rais, malaika, angekuwa kivuli cheusi kisicho na uso. Mama hakumsahau mwanawe. Aliwekewa gunia jeusi mbele ya taa akaulizwa ni nani.

Kitinda alikaa sakafuni akalia. Alilia kwa huruma, na tusifichane, alilia pia kwa ule mshangao wa kiduara, mkubwa zaidi sasa, kwamba kanuni aliyoipata kwenye bango la kinyozi ilikuwa imemfungulia mlango wa kuingia ndani ya macho ya mama yake. Alikuwa ameishi na mama huyu tangu kuzaliwa, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuona anachokiona.

Alimpigia simu kaka yake. "Ni dirisha, kaka! Ulikaa na mwanga mgongoni!"

"Mdogo wangu," Kaka Mkubwa akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka, "umeanza kozi ya kuchora juzi. Usinifanye mimi karatasi."

Sasa sikiliza alivyoharibu. Mtu akipata nyundo mpya kila kitu hukiona msumari, na Kitinda alikuwa amepata rangi. Alinunua tepu nyekundu akaizungusha kwenye vitasa, kingo za meza, miguu ya viti, mdomo wa birika. Alipaka makopo njano. Aliandika CHUMVI, SUKARI, MAJANI, kwa herufi za kutisha mbu. Milango ikapata mishale, swichi zikapata nyota. Alimaliza amelowa jasho, ameridhika, na mama aliporudi kutoka kwa jirani akaingia jikoni, akasimama katikati, akashindwa kwenda mbele wala nyuma.

"Kitinda," aliita taratibu. "Nani yumo humu?"

"Hakuna mtu, mama. Ni mimi tu nimepanga."

"Mbona pana makelele? Nyumba yangu umeigeuza soko." Akanyoosha mkono kutafuta taulo lake jekundu, akashika mdomo wa birika la moto. Lengelenge lilipanda hapo hapo kiganjani, na Kitinda, akimpaka dawa, alitamani dunia impasukie.

Kesho yake alimweleza Bi Nafasi mambo yote, kuanzia mtungi wa gesi mpaka lengelenge. Binti yule aliacha karanga zake.

"Umepigia mkazo kila kitu," akasema. "Ukumbini wakisimama wote kuongea, nani atasikika? Taulo lilikuwa linasikika kwa sababu lilikuwa peke yake. Mtaka yote hukosa yote, dada, na hilo halikuanzia kwenye usanifu, nasema tu." Akafikiri kidogo. "Na mteja ulimwuliza?"

"Mteja gani?"

"Mama! Umebuni nyumba nzima hukumwuliza mwenyewe anaona nini? Hata mimi na ukorofi wangu huwa nauliza kwanza, ndipo nakataa."

Jumamosi Bi Nafasi akaja nyumbani, akaamkia, akaketi miguuni pa mama bila kusubiri kiti. Akauliza bila kuzungusha, kama vijana wanavyouliza, "Mama, ukinitazama unaona nini?"

Swali hilo Kitinda hakuwahi kuthubutu kuliuliza. Mama akazungusha pete kidoleni, akacheka kidogo, kisha, pengine kwa kuwa aliyeuliza ni mgeni na aibu ya mgeni ni nyepesi, akasema.

"Katikati pana moshi. Nikikutazama usoni, uso haupo. Lakini nikilitazama sikio lako, au hapo pembeni yako palipo wazi, uso unakuja kidogo. Unaiba njia, unachungulia. Ukiugeukia kuushika, unakimbia." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Watu wanaona naangalia kando wanadhani nimechanganyikiwa. Na mimi naona haya kuwaambia."

Bi Nafasi alikuwa ameachama mdomo.

"Mimi," akasema hatimaye, "nawaambia wateja kila siku kwamba kitu huonekana kwa sababu ya kilicho pembeni yake. Kila siku nalisema. Sikuwahi kukutana na mtu anayeishi humo." Akainama akambusu mama mkono wenye lengelenge, yeye asiyembembeleza mtu, na kwa kitambo alionekana binti mdogo kabisa.

Tangu siku hiyo mama akawa mteja, na Mungu akunusuru na mteja wa namna ile. Kitinda alibandua tepu yote. Wakaanza na meza: kitambaa cheupe kikatoka, kikaingia cha bluu nzito, na vikombe vyeupe vikachomoza juu yake hivi kwamba mama alivicheka kama watu aliopotezana nao. Chai ya rangi ikanywewa kwenye kikombe cheupe ndani, maziwa kwenye cheusi. Vya chai vikakaa pamoja kwenye sinia moja, vya kupikia pamoja kwenye rafu yao, na katikati ya makundi hayo pakaachwa pengo la makusudi, maana pengo ndilo lililomwambia mkono kwamba hapa pamekwisha hapa panaanza. Kila kinachoshikwa, kitasa, bomba, swichi, kikapata bluu ile ile, na kisichoshikwa hakikupata kitu. Jiko peke yake likapewa nyekundu. Mfalme mmoja kila chumba, alisema Bi Nafasi, na taulo likavuliwa ufalme likaenda kuwa la kijivu.

"Hapo pamelala," mama angesema, amekaa, kichwa kimegeuka kando. "Hapo pameamka. Hilo kopo ondoa, linajipendekeza." Kitinda angefinya macho kuhakikisha, na kila mara angekuta mama yuko sahihi. Korido ilikuwa ndefu na ya giza. Wakapitisha ukutani mstari mmoja mpana, mweusi juu ya rangi ya maziwa, kutoka mlango wa chumba cha mama mpaka sebuleni, ulionyooka, usiokatika. Mstari ule ulichukua siku nyingi kuliko vyote kwa sababu Bi Nafasi alikataa upinde hata wa unywele.

Ikabaki sebule, ukabaki ukuta ulio mkabala wa dirisha. Huo ulikuwa ukuta wa picha. Harusi ya mama na baba, baba akiwa hai na tai yake pana, ubatizo, mahafali, wajukuu wasio na meno, saa mbovu, kalenda za miaka iliyokufa. Hapakuwa na nafasi ya kupenyeza hata kidole. Kitinda alijua kanuni inataka nini, na alijua kwamba yapo mambo ambayo mtoto hamwambii mama yake. Akazunguka siku mbili tatu akipangusa vumbi la fremu.

"Unaogopa kuniambia niziondoe," mama akasema siku moja kutoka kwenye kiti chake.

"Mama, si lazima."

"Ziondoe. Sizioni tangu zamani." Alisema kawaida, ila mikono yake ilikuwa imeshikana kwa nguvu. "Nilikuwa napita hapo nasema, hamjambo, nikidhani nikisema nitaziona. Baba yako hahitaji msumari ili nimkumbuke. Mimi nataka niwaone walio hai, wakija."

Kitinda akaziteremsha moja moja, mama akizipokea na kuzipapasa fremu, akimtaja kila mtu kwa umbo la ukingo wake, bila kukosea. Zikawekwa sandukuni chumbani kwake. Ukuta ukapakwa rangi ya maziwa, ukabaki mtupu kutoka kona mpaka kona, na mbele yake kikawekwa kiti kimoja, kinachotazama dirisha. Yeyote atakayekaa pale, mwanga utamwangukia usoni, na nyuma yake hapatakuwa na kitu cha kugombana naye. Walipomaliza, mama alisimama mlangoni akaangalia kando kidogo ya kiti, kwa muda mrefu.

"Kumbe chumba changu ni kikubwa," akasema.

Kisha akatembea. Alitoka mlangoni akafuata mstari wa korido mpaka chumbani, akarudi, akakata sebule moja kwa moja mpaka jikoni, na Kitinda akamtazama kwa nyuma bila kujua ni kitu gani kimebadilika, mpaka alipokiona. Mikono. Mikono ya mama ilikuwa imeshuka, inaning'inia, inapunga kidogo kama ya mtu anayekwenda zake. Hakuwa anapima vumbi. Kitinda alitaka kupiga kelele, akajiziba mdomo asimshtue.

Kaka Mkubwa alikuja likizo ilipoanza, kama alivyoahidi. Alishuka garini na begi kubwa la magurudumu, jipya, tupu, likigongana na ngazi kwa wepesi wake. Mlangoni akamwekea Kitinda kidole mdomoni kwa mara nyingine, lakini safari hii hakuwa anacheza.

"Usimwite, usimwambie," alinong'ona. "Nataka nione mwenyewe. Nikimchukua bila kuona, shingo yangu itabaki upande maisha yangu yote."

"Kaa, basi," Kitinda akasema. Alimwonyesha kiti. Kaka Mkubwa aliutazama ukuta, uso ukamkunjamana. "Picha za baba ziko wapi?" Akakaa, begi kando ya goti, mwanga wa dirisha umemjaa usoni.

Mama akatoka jikoni na sinia la chai, mikono yote miwili imeshughulika, akaja katikati ya sebule bila kugusa chochote. Akasimama. Kaka Mkubwa hakutikisika, hakukohoa. Na mama akageuza kichwa kando, akaelekeza macho kwenye ukuta mtupu, pembeni ya bega la mwanawe, mbali na uso wake kabisa.

Kitinda aliona mabega ya kaka yake yakishuka. Aliona mkono wake ukienda polepole kwenye mpini wa begi. Alitamani kusema, subiri, ndivyo anavyotazama, lakini alijua akisema atakuwa amemwibia mama nafasi yake.

"Haa!" mama akasema. Sinia likatikisika, vijiko vikalia. "Mwanangu ana ndevu!"

Mkono uliokuwa kwenye mpini ukauachia.

"Tena nyeupe! Nyeupe pe!" Mama aliweka sinia juu ya kitambaa cha bluu bila kumwaga tone, akasogea, macho bado ukutani, uso mzima umewaka. "Nani kakuruhusu wewe kuzeeka kabla sijakwambia? Kitinda, ulijua? Mbona hamkuniambia mwanangu ana mvi?"

Kitinda hakuwa amemwambia. Ndevu zile Kaka Mkubwa alikuwa nazo muda mrefu, zilikuja zikimwambia mama shikamoo mwaka baada ya mwaka, na haikumpitia mtu akilini kwamba mama anahitaji kusimuliwa sura ya mtoto wake. Alimwona kaka yake akilihesabu jambo hilo kichwani, ziara baada ya ziara, chai baada ya chai, akielewa taratibu kwamba mama yake alikuwa akimpokea, akimbariki na kumsindikiza getini bila kumwona. Kaka Mkubwa aliinuka kwenye kiti, mikono mbele, kumwendea.

"Keti!" mama akamkaripia, kwa sauti ile ya zamani ambayo hata cheo hakikupata kuishinda. "Keti hapo hapo. Usisogee, baba. Ukisogea utanipotea. Niache nikutazame."

Kaka Mkubwa akaketi. Machozi yakamshuka kwenye ndevu, akayaacha yashuke, asije akainua mkono akaharibu. Mama akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akaupa ukuta macho yake, na kumtazama mwanawe mpaka chai ikapoa.